Somo Limeeleweka

Katika andalio la somo, kwa msomaji ambaye hakupata kulijaza, ipo nafasi ndogo chini kabisa ambapo mwalimu huandika tathmini yake: je, somo lilikwendaje? Nimepitia maandalio ya aina hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza nikiwa mwalimu, kisha mkufunzi, hatimaye mkuu wa chuo cha ualimu, na maneno niliyoyakuta mara nyingi kuliko mengine yote ni haya mawili: "Somo limeeleweka." Lilieleweka hata siku mvua ilipopiga bati mpaka mwalimu mwenyewe hakuisikia sauti yake. Lilieleweka hata pale nusu ya darasa ilipokuwa imekwenda kuchota maji. Aliyeandika "Halikueleweka, nami nadhani sababu ni hii" alikuwa adimu kama maziwa ya kuku, kwa kuwa kila mmoja aliamini kwamba mkaguzi akisoma hivyo atamwandikia vibaya. Na aghalabu imani hiyo ilikuwa sahihi.

Naanza na jambo hilo kuukuu kwa sababu nimelikuta tena, likiwa limevaa nguo mpya, katika vyumba vya kompyuta. Hoja yangu naiweka mezani mapema ili asiyetaka kubishana nami afunue kurasa nyingine. Nasema hivi: mtu aliyeshindwa kusakinisha lugha ya programu, yaani kuiweka katika kompyuta ikafanya kazi, kisha akaeleza kwa usahihi kwa nini ameshindwa, amefanya kazi kubwa kuliko yule aliyefaulu asijue amefauluje. Na mtihani unaompa wa kwanza sifuri na wa pili alama zote ni mtihani wa uongo, hata ukipigwa mihuri mitano.

Mwaka 2022 kituo kimoja kilichokuwa kikiwafundisha walimu wa shule kazi za kompyuta kiliniomba niwe mtazamaji katika mtihani wake wa vitendo. Sikitaji kituo hicho, wala mkoa wake. Watahiniwa walikuwa kumi na wanane. Kazi waliyopewa ilikuwa moja: kuchukua msimbo chanzo wa lugha ya Python, toleo la 3.10, kuujenga katika kompyuta zinazotumia Linux, na kuisakinisha lugha hiyo. Muda ulikuwa saa tatu, chumbani hamkuwa na intaneti, na kila mmoja alikuja na amri alizozikariri wiki nzima iliyotangulia. Mwongozo wa usahihishaji ulitaka mambo mawili: mstari wa mwisho kwenye kioo useme kwamba programu saidizi iitwayo pip imesakinishwa, na Python ikiulizwa mbili jumlisha mbili ijibu nne. Ukiyapata, mia kwa mia. Usipoyapata, sifuri. Hapakuwa na katikati.

Msomaji asiye wa fani hii asiogope. Mimi mwenyewe nimejifunza haya baada ya kustaafu. Msimbo chanzo ni maandishi ya programu kama yalivyotoka mkononi mwa binadamu. Python imeandikwa kwa sehemu kubwa katika lugha ya C, ambayo Dennis Ritchie aliibuni katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kompyuta haiwezi kuyatenda maandishi hayo yalivyo. Sharti yapite kwanza kwa kompaila, programu inayoyageuza kuwa maagizo ya mashine. Mholanzi Guido van Rossum alipoanza kuitengeneza Python mjini Amsterdam mwishoni mwa 1989, na kuitoa kwa watu Februari 1991, aliitoa hivyo hivyo, msimbo chanzo, na aliyeitaka aliijenga mwenyewe.

Kuijenga kuna hatua tatu, na kila hatua ina amri yake. Ya kwanza ni configure. Huyu ni kama fundi anayezunguka kiwanja kabla ya kuchimba msingi: matofali yapo? Mchanga upo? Maji yanatoka wapi? Anachokikagua hukiandika katika faili liitwalo config.log, ambalo watu wachache mno hulifungua. Ya pili ni make, ndiyo ujenzi wenyewe, na katika kompyuta kongwe huweza kuchukua muda wa kunywa chai vikombe viwili. Ya tatu ni make install, kuhamia nyumbani. Mwishoni mwa kuhamia, Python huikunjua pip, ambayo ni mtumishi wa kwenda sokoni: ndiye atakayekuwa akileta programu nyingine kutoka katika mtandao.

Basi, kumi na saba walimaliza. Mmoja hakumaliza. Alikuwa mwalimu wa kike wa hisabati, na kompyuta yake ilikuwa imekufa asubuhi ile ile, akaletewa nyingine kutoka stoo. Configure alikwenda vizuri. Make alikwenda vizuri. Make install ikakwama hatua ya mwisho kabisa, kioo kikajaa mistari na chini yake kukabaki maneno ya kusema tu kwamba kuna kosa namba moja. Wengi wangelia hapo. Yeye alirudi juu, mstari kwa mstari, mpaka akafika pale kosa lilipoanzia, akanakili katika daftari: mashine inasema haiwezi kukunjua data kwa sababu zlib haipo. Akapanda tena juu zaidi, mpaka mwisho wa make, akakuta orodha ambayo Python huichapisha kila mara ijengapo: sehemu zifuatazo za hiari hazikujengwa kwa kuwa vinavyohitajika havikupatikana. Zlib ilikuwemo. Nyingine iliyokuwemo iliitwa _ssl. Akaipigia mstari pia.

Kisha akafanya jambo lililonifanya nisogeze kiti changu. Akaangalia kama maktaba ya zlib imo katika kompyuta, akaiona imo. Akatafuta faili liitwalo zlib.h mahali pake, halikuwepo. Akaandika, na nayanakili maneno yake kwa idhini yake: "Maktaba ipo ila maelezo yake kwa kompaila hayapo. Inahitajika paketi ya zlib1g-dev, kisha configure irudiwe. Hapa hakuna intaneti wala diski. Naweza kuiamuru iache kusakinisha pip, itamaliza bila kosa, lakini itakuwa kilema."

Msimamizi akapita na karatasi yake.

"Mwalimu, kioo chako kina kosa. Muda umekwisha."

"Ndiyo, mkufunzi. Sababu nimeiandika hapa."

"Sababu haina alama."

Akapewa sifuri. Naye hakupiga kelele. Alifunga daftari, akaniamkia, akasimama. Ni mimi niliyeomba apewe dakika mbili kwenye kompyuta ya jirani yake, mmoja wa wale wa mia kwa mia. Akaandika maneno mawili tu ya kuiita ile sehemu aliyoipigia mstari, import ssl. Python ya jirani ikajibu kwamba hakuna moduli inayoitwa _ssl. Tukaenda ya pili, jibu ni hilo. Ya tatu, hilo hilo. Sikuona haja ya kumaliza mstari.

Maana yake ni nini? Ssl ndiyo sehemu inayoiwezesha Python kuzungumza na mtandao kwa njia ya siri na salama, na ghala ambamo pip huchukulia mizigo halifunguki kwa njia nyingine. Pip isiyo na ssl ni mtumishi uliyemnunulia kikapu ukamfungia mlango. Siku walimu wale wangerudi shuleni na kuiagiza pip ilete kitu, ingekataa, nao wangesema kompyuta ni mbovu, au mtandao ni mbovu, au Wazungu wametubania. Chanzo kilikuwa kile kile kilichomkwamisha mwenzao: maktaba ya OpenSSL ilikuwemo katika mashine, lakini maelezo yake kwa kompaila hayakuwemo. Tofauti ni kwamba zlib ikikosekana hupiga kelele, kwa sababu pip huja imefungashwa na hiyo zlib ndiyo ya kuifungua. Ssl ikikosekana, Python hulitaja jambo hilo mara moja mwishoni mwa make na kusonga mbele. Ilisema katika vioo vyote kumi na saba. Hakuna aliyesoma. Wakati huohuo, Python ya yule mwalimu nayo ilikuwa imekwisha kuwekwa mahali pake kabla ya kukwama kwenye pip. Nayo, kama ingeulizwa, ingejumlisha mbili na mbili ikapata nne. Kwa hiyo kosa lililopiga kelele lilipata sifuri, na kosa lililonyamaza likapata mia.

Hapo sharti niseme kidogo juu ya mtego huu wa "maktaba ipo, maelezo hayapo", kwa kuwa ndio unaowaangusha wengi, na hauelezwi darasani. Watengenezaji wa Linux za jamii ya Debian na Ubuntu huigawa maktaba mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kuendeshea programu zilizokwisha kujengwa. Hilo karibu kila kompyuta inalo. Fungu la pili, ambalo jina lake huishia na dev, lina mafaili yanayomweleza kompaila ni shughuli zipi zimo ndani ya maktaba na zinaitwaje. Hilo huwekwa na anayejenga tu. Fikiria maktaba ya chuo yenye vitabu rafuni lakini haina katalogi. Anayekuja kusoma kitabu anachokijua atakipata. Anayekuja kuandaa orodha ya vitabu vya kiada atarudi mikono mitupu, na ukimwambia "mbona vitabu vipo!" utakuwa umesema kweli isiyomsaidia. Yule mwalimu wa hisabati alilijua hilo kwa kuligundua mwenyewe, ndani ya saa tatu, bila intaneti. Nami nauliza: ni mtahiniwa gani mwingine alionyesha kwamba anajua kitu siku ile?

Niliandika barua. Nilijibiwa kwa adabu kwamba mwongozo wa usahihishaji haukutoa nafasi, na kwamba, namnukuu mwandishi kwa maana si kwa neno, kinachotakiwa kazini ni matokeo. Mwalimu yule alirudi shuleni kwake bila cheti, na chumba cha kompyuta cha shule hiyo kikakabidhiwa mwenzake aliyefaulu.

Nianze na hilo la matokeo, maana linapendwa sana na wakubwa. Nakubali kabisa kwamba kazini yanatakiwa matokeo. Ila matokeo gani? Kama tokeo ni Python inayoweza kufanya kazi za Python, basi kumi na saba nao walishindwa, na alama zao zifutwe. Kama tokeo ni mstari fulani kwenye kioo, basi tusiite mtihani wa kompyuta. Tuite mtihani wa kupiga picha. Mwenye kushikilia matokeo achague mojawapo. Hawezi kushika lile la kwanza anapomnyima mtu alama na lile la pili anapompa mwingine.

Wengine waliniambia kwamba tatizo ni Kiingereza. Walimu wetu, wanasema, hasa waliosoma shule za msingi za Kiswahili, hawawezi kusoma jumbe za mashine, kwa hiyo ni afadhali wakariri amri. Nimefundisha watoto wa wakulima na wavuvi maisha yangu yote na hoja hii imenichosha. Jumbe za mashine si riwaya. Ni maneno machache yanayojirudia: haipo, haikupatikana, hairuhusiwi, imekataa, ilitarajiwa hiki kikaja kile. Fundi wa gari ambaye hakumaliza darasa la saba anayajua majina ya vipuri mia kwa Kiingereza chake mwenyewe, anayaita kwa matamshi yake, na gari linawaka. Kinachomshinda mwalimu ni mazoea tuliyomfundisha sisi, kwamba kioo kikijaa maandishi ni aibu, na aibu hufutwa upesi kabla msimamizi hajafika. Yule mwalimu wa hisabati hakuwa na Kiingereza cha kujivunia, yeye mwenyewe alisema. Alikuwa na subira ya kupanda juu kutafuta kosa la kwanza. Hilo la kwanza ndilo lenye habari. La mwisho aghalabu ni tarishi tu aliyekuja kusema kuna msiba, hajui nani amefariki.

Kutokana na aibu hiyo ndipo ilipozaliwa dini ya "futa uanze upya". Nimeisikia kwa mafundi, kwa wakufunzi, hata kwa vijana wenye shahada. Python mpya imekataa? Futa ya zamani. Bado? Futa kompyuta nzima. Ndugu msomaji, katika Ubuntu na Debian Python ya zamani si mgeni aliyesahaulika chumbani. Zana nyingi za mfumo wenyewe zimeiegemea, na ukiing'oa huenda ukaamka bila kioo chenye picha wala njia rahisi ya kurudisha ulichokitoa. Ndiyo maana hata maelezo rasmi ya Python humshauri mjengaji atumie make altinstall badala ya make install, ili mpya ikae kando kwa jina lake kamili na isilifunike jina la ile iliyopo. Ile karatasi ya amri waliyokariri haikulitaja jambo hilo. Haishangazi, karatasi za kukariri hazina nafasi ya sababu.

Na kuanza upya hakuponyi, kwa kuwa chanzo hakijaguswa. Ukifuta msimbo ukaufungua upya bila kuweka lile fungu la dev, configure atazunguka kiwanja kile kile, atakosa mchanga ule ule. Nimewaona watu wakirudia mara tatu, mchana kutwa, jasho linawatoka, na kila mara wakishangaa. Mwanafunzi akirudia hesabu mara tatu kwa njia ile ile tunamwambia asome swali. Mbona mbele ya kompyuta tunamwambia anunue daftari jipya?

Niseme na mambo mawili yanayotuhusu sisi wa huku kuliko waandishi wa vitabu vya Ulaya, ambao umeme wao haukatiki na kompyuta zao hazikuja kwa msaada zikiwa na umri wa mtoto wa darasa la sita.

La kwanza ni saa. Programu ya make, aliyoitunga Stuart Feldman katika maabara zile zile za Bell mwaka 1976, ina hekima moja ambayo ndiyo roho yake: hulinganisha nyakati za mafaili. Ikiwa maandishi yamebadilika baada ya kilichojengwa kutokana nayo, hujenga upya. Ikiwa sivyo, huacha. Sasa ndani ya kompyuta mna betri ya duara, ndogo kama sarafu, ya kuitunzia saa pindi umeme usipokuwepo. Katika kompyuta kongwe betri hiyo huwa imekufa zamani. Ukiwasha mashine bila mtandao, inaweza kudhani kwamba tuko miaka mingi nyuma, na mafaili ya msimbo yataonekana yameandikwa siku ambazo hazijafika. Make hutoa onyo waziwazi: faili hili lina tarehe ya baadaye, saa yako ina hitilafu, huenda ujenzi usikamilike. Tiba yake ni amri moja ya kurekebisha tarehe. Lakini anayeijua ni aliyesoma onyo. Asiyesoma atabadilisha kila kitu isipokuwa saa.

La pili ni umeme. Ukikatika katikati ya make, dini ya "futa uanze upya" hudai vikombe viwili vya chai virudiwe. Si lazima. Kwa ile hekima ya Feldman, ukiiamuru make tena itaviruka vilivyokwisha kujengwa na kuendelea palipobaki. Kuna hatari moja tu ya kuijua: faili lililokuwa likiandikwa sekunde ile umeme ulipoondoka huweza kubaki nusu, na kwa kuwa tarehe yake ni mpya, make hulidhania zima. Baadaye, wakati wa kuunganisha, mashine italilalamikia kwa jina kwamba halitambuliki. Unalifuta hilo moja, unaendelea. Kwa nchi ambayo mwanafunzi husoma huku akitazama taa, nadhani hili ni somo linalostahili kipindi kizima, tena chenye zana.

Wapo walionijia kwa upole na swali jingine: kwa nini kumsumbua mwalimu kwa msimbo chanzo, wakati Python ipo tayari, imekwisha kujengwa na kufungashwa, mtu aichukue tu? Kwa kazi za kila siku wako sahihi. Mimi mwenyewe natumia iliyokuja na mashine, kama ninavyokula mkate wa duka bila kusaga ngano. Ila hatukuwa tukimwandaa mla mkate. Tulikuwa tukimwandaa mtu atakayekaa katika shule ambayo fundi wa karibu yuko kilomita mia, na ambaye siku moja atakuta kitu kimekwama na hana wa kumpigia simu. Mtu huyo sharti awe amekwama mara moja, mbele ya mkufunzi, mahali ambapo kukwama hakumgharimu mtu chakula. Kujenga kutoka katika msimbo chanzo ni zoezi zuri kwa sababu lina njia nyingi za kushindwa na karibu kila moja huacha maandishi. Tukilifanya zoezi hilo kisha tukaadhibu kushindwa, tumelipia dawa na kuimwaga.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea aliilaumu mitihani iliyopima uwezo wa mtu kukariri mambo na kuyatoa anapotakiwa, badala ya kupima anavyoweza kufikiri. Tuliifundisha hati hiyo vyuoni, tukaitungia maswali, na wanafunzi wakaikariri wakaitoa walipotakiwa. Nacheka ninapoandika hivi, lakini si kicheko cha furaha. Zaidi ya nusu karne baadaye tumeleta mashine ambayo kazi yake yote ni kukariri na kutoa inapotakiwa, tukawaweka walimu wetu mbele yake, na tukawapima kama wanaweza kushindana nayo.

Wakufunzi wenzangu wataniuliza, kama walivyoniuliza kwa mdomo: basi utasahihishaje? Kushindwa hakupimiki. Kunapimika sana. Mtahiniwa apewe daftari pamoja na kompyuta. Aandike kosa la kwanza, si la mwisho, na mahali alipolipata: alama 20. Aandike anachodhani ni sababu, na jambo moja alilolifanya kuhakikisha kwamba dhana yake ni kweli, kama yule mwalimu alivyokwenda kulitafuta zlib.h: alama 40, kwa kuwa hapo ndipo penye kufikiri. Aandike tiba na nini kirudiwe baada ya tiba, configure au make peke yake: alama 20. Kumaliza usakinishaji wenyewe, alama 20 zilizobaki. Na aliyemaliza bila kukwama popote asipewe zile 80 za kwanza bure. Aisome ile orodha ya sehemu za hiari zisizojengwa, aeleze kila iliyokosekana itamzuia kufanya nini. Asiyeisoma abaki na 20 zake.

Mtihani wa namna hiyo unachosha kusahihisha, sikatai. Utamlazimu msahihishaji ajue kitu. Pia utamlazimu mtayarishaji wa chumba aharibu kompyuta kwa makusudi, moja aiondolee maelezo ya zlib, nyingine arudishe saa yake nyuma miaka kumi, nyingine aache faili nusu, na aandike mahali penye kufuli alichoharibu wapi. Umeme ukikatika katikati, mtahiniwa asiambiwe aanze upya wala asiongezewe muda kwa huruma: aandike saa ulipokatika, ukirudi atazame tarehe ya mashine kwanza, kisha aendelee na make pale ilipofikia.